Mguu Ulioacha Freni
Fungu la saba

Tulimwacha wapi Mulumba wiki iliyopita? Tulimwacha amesimama katika vumbi la Mutoshi, mikono mitupu, akitazama kamyo ya Bwana Abibu ikiteremka peke yake, bila mtu ndani, na magunia mia moja ya bunga, yaani unga, mgongoni.

Haya, kaeni vizuri, tuteremke nayo.

Kamyo isiyo na shofere haipigi honi. Motori ilikuwa imezimwa, kwa hiyo hata mngurumo haukuwapo. Magurudumu sita yalisaga changarawe polepole, kisha si polepole tena. Mwanamke aliyekuwa ameshika mlango wa abiria alitupwa kando, beseni lake la unga likaruka upande wake, na mahali pote pakawa peupe.

"Kamyo! Kamyo inakimbia! Mutoshe batoto mu njia!"

Chini ya mteremko kulikuwa na soko. Wamama wa nyanya, wamama wa samaki wadogo wa ndagala, watoto wamelala juu ya vitenge. Wengine walikimbia. Wengine walisimama tu, kama mtu anayesubiri kuitwa jina.

Wakati ule ule mzee Nkulu alitoka dukani, karatasi ya mzigo mkononi. Nkulu ndiye shofere wa ile kamyo tangu miaka kumi na miwili, na ndiye mwalimu wa Mulumba. Miguu yake ni mifupi, umri wake hamsini na nane. Aliona. Hakupiga kelele. Alitupa karatasi, akanyakua jiwe kubwa kama kichwa cha mbuzi, akakimbia kandokando ya gurudumu la mbele, akalisukuma jiwe chini.

Jiwe lilishika. Kamyo ikageuza pua, ikaingia ndani ya kichuguu, ikanyamaza.

Soko lilipona. Lakini mguu wa kuume wa Nkulu ulikuwa umebaki kati ya jiwe na gurudumu.

Watu kumi waliinua chuma. Mulumba alikuwa wa kwanza kuinua na wa mwisho kuachia. Bwana mmoja wa soko akauliza kwa sauti kubwa, "Ni nani alikuwa mu kabini? Sema! Ni nani aliacha hii kitu bila kufunga?"

Mulumba alifungua kinywa. Nkulu, amelala chini, jasho usoni, akafungua chake kwanza.

"Kamyo iko yangu," akasema. "Musiulize mutu mwingine."

Na Mulumba akafunga kinywa.

Huo ndio mwanzo wa ugonjwa wake, wasomaji wangu. Si kuacha kamyo, hapana. Kila mtu anaweza kuacha sufuria motoni. Ugonjwa ulianza pale alipofunga kinywa na kuona kwamba hakuna aliyemshangaa.

Kwa yule aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, sikiliza upesi. Kamyo ile haina demareri, kile chombo cha kuwashia motori. Ilikufa zamani, na kipande chake hakipatikani, si Kolwezi wala Lubumbashi. Freni ya mkono nayo ni pambo tu. Ndiyo maana Nkulu husimamisha kamyo kila mara juu ya mteremko, na kuweka kibao cha mti mbele ya gurudumu. Kibao hicho kinaitwa kale. Ukitaka kuondoka, unatoa kale, kamyo inajiviringisha, unaingiza vitesi, yaani gia, ya pili, motori inakohoa na kuamka.

Nkulu alimfundisha kwa kitendawili, siku ya kwanza kabisa: "Mutoto wa muti anazuia tembo asiende kunywa maji. Ni nani?" Mulumba alishindwa. Alibeba magunia wiki nzima mpaka akajibu, "Kale." Na Nkulu akamwambia, "Sasa unaweza kugusa volani," yaani usukani.

Siku ile ya Mutoshi, Nkulu alishuka kutafuta sinye, sahihi ya mwenye duka kwenye karatasi ya mzigo. Alipita mbele ya dirisha akasema, "Weka kale." Mulumba, aliyekuwa ameketi penye volani, mguu juu ya freni, akainama kuitafuta chini ya kiti. Mlango wa abiria ukafunguka. Mwanamke mwenye beseni akapanda ngazi kuomba kupelekwa mjini. Akainua uso.

Alikuwa Mama Mbelu, mama ya Bilonda. Na Bilonda ni bibi ya Mulumba, mke wake.

Kwetu tuliotoka Kasai, mama mukwe ni kama jua: unajua yuko, unapata joto lake, lakini humtazami. Huketi naye kiti kimoja. Husemi naye. Akija kwa njia hii, wewe unaingia majanini. Miaka sita ya ndoa, Mulumba alikuwa hajawahi kuona macho yake, na sasa goti la mama lilikuwa juu ya kiti chake! Mwili wake ulifanya kile ulichofundishwa tangu utoto. Uliruka nje kwa mlango mwingine, uso umegeuzwa.

Mwili uliruka wote. Hata mguu uliokuwa kwenye freni.

*

Kesho yake Mulumba alikwenda hospitali. Alikwenda kusema kweli. Njiani aliyapanga maneno yake kama mtu anavyopanga matofali, na alipofika mlangoni ukuta ulikuwa umesimama.

Nkulu alikuwa kitanda cha dirishani.

"Karibu, mwana. Ikala pa kitanda. Usiogope mguu, haiume bantu."

"Tata, munganga anasema nini?"

"Anasema vidole vitatu vilishakwenda safari. Kisigino kitabaki, lakini hakitakanyaga freni tena." Akacheka kidogo, kisha uchungu ukamkatiza.

"Tata, nilikuja kukuambia kintu."

"Ngoja. Mi njo niko na kintu cha kukuambia. Minakuomba unisamehe."

"Nikusamehe nini, tata?"

"Mwanafunzi ni mutoto mu mugongo. Akianguka, hatuulize mutoto, tunauliza mama yake. Kale iko kazi yangu. Miaka kumi na mbili naiweka na huu mukono. Ile siku nilikimbilia sinye kama mutu anafukuzwa na nyuki." Mzee akashika mkono wa Mulumba. "Sasa nisaidie. Tangu jana najiuliza. Nilikuambia 'weka kale,' ao sikukuambia? Nasikia sauti yangu inasema. Nikigeuka huku, nasikia haikusema. Kichwa inazeeka, mwana. We ulikuwa pale. Nilikuambia?"

Swali lilikuwa limefunguka kama mlango. Mulumba alikuwa na jibu mdomoni. Aliliona mpaka rangi yake.

Akafikiri juu ya magunia aliyobeba miaka miwili akingoja kuwa shofere. Akafikiri juu ya Bilonda na mtoto, katika chumba kimoja cha kukopeshwa. Alifikiri kwa muda wa pumzi moja tu, si zaidi.

"Haukuniambia, tata."

Nkulu alifumba macho. Akatikisa kichwa taratibu.

"Njo vile," akasema. "Uzee. Aksanti, mwana. Mwingine angenidanganya ili kunifurahisha."

Wajukuu wangu, tegueni hiki: nina mgeni, hali chakula changu, halali kitandani kwangu, nikimfukuza nje anarudi kukaa kifuani. Ni nani? Mulumba alitoka hospitali siku ile na huyo mgeni, na njia nzima alikuwa akimtembelea ndani ya mbavu.

*

Bwana Abibu hakumpa nafasi ya kupumzika. Abibu ni mtu wa Kasongo, Mwislamu, mfanya biashara wa bunga na chumvi, mwenye kamyo tatu na maneno machache. Si mtu mbaya. Lakini duka lisilopata bunga leo, kesho linanunua kwa mwingine.

"Una permi ya kuendesha?"

"Tangu mwezi wa sita, patro."

"Panda. Nionyeshe."

Abibu alikaa kando yake, tasbihi mkononi. Walitoka depo, wakazunguka soko, wakapanda barabara ya Mashamba ambako magari makubwa ya mawe ya mgodi yanapita bila kuomba radhi. Mulumba hakuendesha kamyo siku ile. Aliyeiendesha ni sauti ya Nkulu kichwani mwake: Kanyaga, toa, kanyaga, ingiza. Usipigane na vitesi, muombe. Sikiliza motori, ikilia umechelewa. Kila kona aliyoikata vizuri ilikuwa ya mzee. Kila freni laini ilikuwa ya mguu ule uliolala hospitali.

Waliporudi, Mulumba alishuka, akaweka kale kwa mikono miwili, akaipiga teke mara tatu.

"Mashallah," Abibu akasema. "Nkulu alikufundisha vizuri kuliko alivyofanya yeye mwenyewe."

Mulumba alitazama chini. "Patro, Tata Nkulu..."

"Najua, unamhurumia. Hata mimi. Nimemlipia munganga. Lakini mtu anayeacha kamyo juu ya soko bila kale, wallahi, siwezi kumrudisha. Kungekufa watoto." Akatoa vitu viwili mfukoni, akaviweka juu ya pua ya kamyo. "Huu ufunguo wa kamyo. Huu wa nyumba ya nyuma ya depo. Nyumba ni ya shofere, unajua. Mke wa Nkulu atakwenda kwa kaka yake, kule Mutshatsha. Wewe ingia na familia yako."

Mulumba hakunyoosha mkono.

"Bado neno moja," Abibu akaendelea. "Polisi ya barabara wanataka karatasi kufunga maneno haya. Imeandikwa: shofere Nkulu aliondoka bila kuweka kale. Wewe utatia sinye. Na yule mama aliyekuwa mlangoni atatia kidole, maana ndiye shahidi peke yake. Nimemuita kwa siku ya nne asubuhi."

"Mama gani, patro?"

"Mama wa Mutoshi, muuza bunga. Mbelu."

Funguo mbili ziliangaza juani. Mulumba alizichukua. Zilikuwa zimepata moto, na alizishika hivyo hivyo.

*

Nyumbani Bilonda alikuwa amekwisha kusikia. Kolwezi habari njema haingoji mwenyewe.

"Shofere! Shofere yangu!" Alipiga makofi, akamnyanyua mtoto juu. "Nyumba ya vyumba viwili na robine ya maji pa mulango! Nitapika bukari bila kubeba maji na kichwa. Juu ya nini unasimama kama mugeni? Ingia!"

"Nimechoka."

"Umechoka na kukaa? Wakati wa kubeba magunia ulikuwa unarudi ukiimba." Akamtazama vizuri. "Mulumba, uko na nini?"

"Hakuna."

"Basi kula. A, nilisahau, mama alituma neno kutoka Mutoshi."

Kijiko kilisimama hewani. "Neno gani?"

"Fupi. Alisema, 'Muambie bwana yako, nilimuona.' Mi nikamuuliza mutu alimutuma, alikuona ukifanya nini? Alisema mama hakuongeza. Ulifanya nini, we?"

"Labda aliniona tukiinua kamyo."

"Labda," Bilonda akasema, na akamwongezea nyama.

Nilimuona! Neno moja, na mtu hawezi kwenda kuuliza. Angekuwa jirani, angemfuata, angempigia magoti, angemwomba. Lakini ni mama mukwe. Kumtuma Bilonda? Basi amwambie Bilonda kwanza. Mulumba alikula nyama yote, wala hakujua ilikuwa ya kuku au ya mbuzi.

*

Siku ya nne ilifika. Asubuhi Abibu alikuwa mlangoni mwa depo.

"Shahidi bado hajafika. Kabla ya sinye, fanya kazi yako ya kwanza. Peleka vitu vya Nkulu na mke wake gare, apate treni ya Mutshatsha. Rudi upesi."

Hebu simameni kidogo hapa. Kamyo ya kwanza aliyopewa mtu huyu kuendesha kwa jina lake mwenyewe, mzigo wake ulikuwa nyumba ya mwalimu wake.

Mama Adolphine, bibi ya Nkulu, alikuwa amekwisha kufunga. Mwanamke mkubwa, mcheshi hata siku ya msiba. Serikali ilikuwa imempa jina lingine tangu watu walipoamriwa kuacha majina ya ubatizo, lakini hata kuku wake walimjua kwa Adolphine.

"Polepole na hiyo kitanda, Mulumba! Ilizaa batoto saba bila kuvunjika, isivunjike leo mu mikono yako. Na cherehani usiilalishe, inatapika mafuta. Kuku wanakaa na mi mbele."

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo mama, ndiyo mama. We ni shofere sasa, niambie hata 'nyamaza.'"

Alipanda kabini, kikapu cha kuku magotini. Akapapasa kiti.

"Miaka kumi na mbili nafua mashati ya hii kiti, sijaikalia siku moja. Muzee alikataa. 'Kamyo ya kazi haibebi bibi.' Angalia sasa, nabebwa siku ya kufukuzwa!"

Akacheka. Mulumba alitoa kale, kamyo ikajiviringisha, ikakohoa, ikaamka. Walipita mbele ya maduka. Mama Adolphine aliposema tena, sauti yake ilikuwa nyingine.

"Usijihukumu juu ya nyumba, mwana. Muzee hana kinyongo. Jana alikusifu mbele ya chumba kizima cha bagonjwa. Alisema, 'Nilimuuliza Mulumba kama nilimuambia juu ya kale. Angeweza kunibembeleza. Alinipa kweli, hata kama ilikuwa chungu. Mutu wa vile unaweza kumuachia kamyo.'"

Mulumba alikanyaga freni. Kuku walipiga kelele. Baiskeli iliyokuwa nyuma ikapita ikitukana ukoo wake mzima.

"Nini? Umepiga mutu?"

"Mama, aliniambia."

"Nani?"

"Tata. Aliniambia, 'Weka kale.' Nilisikia vizuri. Sikuiweka. Mukwe wangu alifungua mulango, nikaruka, nikaacha freni. Ni mi. Halafu pa hospitali tata aliniuliza, na mi nikasema hakuniambia."

Motori ilikuwa imezimika.

Mama Adolphine hakulia. Alimtazama kama mtu anayetazama chungu chake kama kimepasuka au ni mstari tu.

"Alikuuliza mara ngapi?"

"Mara moja, mama."

"Na ulifikiri kwanza?"

"Kidogo."

"Kidogo," akasema. Akajifunga kitenge upya. Akafungua mlango, akashuka na kikapu chake, akaweka kuku juu ya kichwa. "Geuza kamyo."

"Mama, panda. Treni..."

"Geuza, nakuambia. Na mi sikalie tena hii kiti. Muzee wangu alikuwa na haki, haibebi bibi."

Alianza kutembea katikati ya barabara, kurudi depo. Hakugeuka nyuma. Wapita njia walimsaidia Mulumba kusukuma mpaka motori ikaamka, akageuza, akamfuata kwa vitesi ya kwanza, mwendo wa mguu, vitanda na cherehani vikitikisika mgongoni. Kolwezi yote ilitoka kuangalia.

"Ee Mama Adolphine! Unapeleka kamyo kunywa maji?"

"Iko na kiu ya kusema!" akajibu bila kusimama.

Mulumba alisikia kicheko cha watu pande zote mbili. Kwa mara ya kwanza tangu Mutoshi, yule mgeni kifuani alitulia. Hakutoka. Alikaa tu kusikiliza.

*

Mlango mkubwa wa depo ulikuwa wazi. Abibu alikuwa amekaa mezani chini ya bati, karatasi mbele yake, polisi wa barabara kando, kepi juu ya goti. Bilonda alikuwapo, mtoto mgongoni. Na juu ya gunia tupu, mgongo umegeuziwa mlango kama desturi inavyotaka, alikaa Mama Mbelu.

"Nini hii?" Abibu akasimama. "Vitu vimerudi? Treni imekufa?"

"Sitwaye Abibu," Mama Adolphine akasema, akimwita raia kama serikali inavyotaka, akitua kuku, "shofere yako mupya iko na neno. Mi nilimusindikiza tu, lisipotee njiani."

Mulumba alishuka. Aliweka kale. Akasimama mbali na gunia lile, macho chini.

"Patro, ile kale ya Mutoshi..."

"Ni mi."

Sauti haikuwa yake. Wote waligeuka. Mama Mbelu alikuwa amesimama, na alikuwa amegeuka pia. Alimtazama mukwe wake usoni, waziwazi, mbele ya watu. Bilonda akaziba kinywa kwa mkono.

"Ni wewe nini, mama?" Abibu akauliza.

"Kale. Ilikuwa pale, chini ya gurudumu. Mi ni mufupi, beseni ilikuwa muzito. Nilitaka kintu cha kukanyaga nipande. Niliitosha chini ya gurudumu. Kamyo ikakwenda. Muzee Nkulu aliiweka vizuri, na huyu mwana ya bantu hana kosa. Andika."

Uongo, wasomaji wangu! Kale saa ile ilikuwa chini ya kiti, haikugusa hata punje ya udongo wa Mutoshi. Mulumba alijua. Mama Mbelu alijua kwamba Mulumba alijua. Alimuona akiruka, na alijua aliruka kwa ajili ya nani. Tangu siku ile naye alikuwa akijiuliza: nani alikwenda kufungua mlango usio wake?

Abibu alikuwa amekwisha kushika kalamu. "Basi maneno yamegeuka. Nkulu hana kosa. Mama Adolphine, rudisha vitu vyako ndani, nyumba itabaki yenu, na nitamtafutia mzee kazi ya kukaa. Mulumba, kamyo inabaki yako, nitakutafutia nyumba nyingine. Na wewe mama, gunia langu hata moja halitaingia tena mkononi mwako."

"Na atakuja na mi pa posta ya polisi," polisi akasema, akivaa kepi. "Kuvunja mguu ya mutu haiko muchezo."

"Nitakuja," Mama Mbelu akasema.

Mmeona? Kila mtu alipewa chake. Mzee heshima yake, Adolphine paa lake, Mulumba volani yake. Bei ilikuwa mwanamke mmoja, na mwenyewe alikwisha kuilipa. Ilibaki kusema "ndiyo" tu. Na kusema "hapana" ni kumwita mama ya bibi yako mwongo mbele ya watu, kosa ambalo kwetu halina mbuzi wa kutosha kulifuta.

"Mulumba," Abibu akauliza, "hii ni kweli?"

Bilonda alimtikisia kichwa taratibu: kubali. Mama Adolphine hakutikisa chochote. Alingoja.

Mulumba aliinua macho. Akayapitisha juu ya meza, juu ya gunia tupu, mpaka uso wa mama mukwe. Ulikuwa uso wa Bilonda, umezeeka.

"Mama," akasema.

Miaka sita, na hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwake.

"Mama, unisamehe. Leo nakufanya muongo mbele ya bantu. Kale ilikuwa chini ya kiti. Tata Nkulu aliniambia niiweke, sikuiweka. Kisha nikamukana pa kitanda chake. Patro, andika jina langu."

Abibu alifuta mstari mmoja katika karatasi, polepole, kisha akanyoosha mkono wake wazi juu ya meza. Mulumba aliweka ndani yake ufunguo wa kamyo, na ufunguo wa nyumba.

Polisi akamgeukia. "Basi njo we tunakwenda pamoja."

Lakini Mama Mbelu alikuwa hajaketi. Alikuwa amevunja desturi ya mama zake wote ili kumfunika mtu huyu, naye ameitupa nguo ile chini mbele ya wageni.

"Bilonda," akaita. Hakumtazama tena Mulumba. "Funga mutoto vizuri. Tunarudi kwetu. Mutu ananitukana mu uso, mutoto yangu hapike tena kwake."

"Mama..."

"Leo, Bilonda. Si kesho."

Polisi alikuwa amekwisha kumshika Mulumba mkono. Upande mmoja wa uwanja alisimama mama, upande mwingine bwana. Bilonda aliinama, akakaza kitenge cha mtoto, akakifunga mara mbili. Akainua uso, akapiga hatua ya kwanza. Kuelekea upande gani, mtasoma wiki ijayo.